Santos-Dumont: Chali Mdogo Aliyechora Ndege ya Kujijengea, Akaipeana Bure

Kama ulicheki sherehe ya kufungua Olimpiki za Rio mwaka wa 2016, siku chache kabla Kipchoge ashike dhahabu ya marathoni na Kenya irudi home na dhahabu 6, lazima unakumbuka hii. Katikati ya sherehe, ndege moja ya kizamani, kama kite kubwa ya mbao na kitambaa, ilitoka uwanjani Maracanã ikapita juu ya taa za mji. Wasee wengi huku mtaani walidhani ni pambo tu. Wabrazil walijua ni nini. Hiyo ilikuwa ndege ya Alberto Santos-Dumont, na kwao yeye ndiye baba wa ndege. Wale mabro wawili wa Marekani wenye tulifunzwa shuleni, huko hawana kiti.

Lakini stori ya leo si ya hiyo ndege. Ni ya ingine ndogo zaidi aliyoitengeneza baadaye: ya mtu mmoja, mifupa ya mianzi, mabawa ya hariri. Aliichora akitaka fundi yeyote mwenye mikono miwili na nafasi kidogo nyuma ya nyumba aweze kujijengea. Hakuweka bei kwa wazo lake. Na kile watu walifanya na ndege baada ya hapo, kilimkata moyo. Skia.

Mtoi wa mdosi wa kahawa

Alberto alizaliwa tarehe 20 Julai 1873, ocha kabisa, jimbo la Minas Gerais nchini Brazil. Alikuwa mtoto wa sita kati ya wanane. Mbuyu wake, Henrique Dumont, alikuwa injinia mwenye damu ya Kifaransa, na wakati huo alikuwa anajenga reli pande hizo. Baadaye familia ikahamia São Paulo, mzee akashika ardhi karibu na Ribeirão Preto, akapanda kahawa mpaka watu wakaanza kumwita mfalme wa kahawa. Shamba lilikuwa kubwa hadi lilikuwa na reli yake ndani.

Usisahau pia hiyo ni Brazil ya enzi gani. Utumwa ulifutwa huko mwaka wa 1888, Alberto akiwa na miaka 14. Utajiri wa kahawa wa nchi nzima ulisimama juu ya migongo ya watu weusi. Kwa hivyo ukisikia vile huyu chali alikuwa anachoma doh Paris, jua zilitoka kwa udongo huo.

Watoi wengine wa madosi walikuwa wanapenda farasi. Alberto alipenda mashine. Alikuwa anakaa kwa kiwanda cha kahawa akicheki vile mikanda inazunguka na vichujio vinatikisika. Akiwa na miaka 7 alikuwa tayari anaendesha matrekta ya mvuke ya shambani. Akiwa na miaka 12 akaachiliwa kuendesha treni yenyewe. Usiku alikuwa anasoma vitabu vya Jules Verne, ambamo watu wanasafiri angani na chini ya bahari, na yeye hakuona kama ni hadithi. Aliona kama ni ratiba.

Kuna mchezo watoi wa kwao walikuwa wanacheza, unakaa ile yetu ya nyama nyama nyama. Mmoja anaita jina la kitu, na kama kinaruka, wote wanainua kidole. Njiwa anaruka, vidole juu. Kunguru, vidole juu. Kisha anataja kitu hakiruki kama mbweha, na ukiinua umepotea, unalipa faini. Kila wakati mtu akiitwa binadamu, Alberto alikuwa anainua kidole. Wenzake walimcheka sana. Na faini alikataa kulipa.

Urithi kabla ya matanga

Kisha mambo yakaharibika. Mzee alianguka vibaya na upande mmoja wa mwili ukapooza. Akauza shamba, akapeleka familia Ulaya kutafuta matibabu. Huko Paris, Alberto aliona injini ya petroli kwa mara ya kwanza, na hapo akili ikashikwa.

Mwaka wa 1892 mzee alifanya kitu wazazi wachache wangethubutu. Alimpea kijana wake wa miaka 18 karatasi za kumfanya mtu mzima kisheria, akamkabidhi sehemu yake ya urithi, na kumwambia aende Paris asome mekanika, fizikia, kemia na umeme. Hakuhitaji kutafuta kazi ya kumlisha. Atumie hiyo bahati vizuri. Mwaka huo huo mzee akafariki.

Fikiria wewe na miaka 18, mamilioni kwa benki, uko Paris, na hakuna mtu wa kukuuliza umerudi saa ngapi. Wengi wetu tungekuwa tumemaliza kila kitu kwa mwaka mmoja. Alberto alinunua magari, ni kweli, na aliyaendesha kama mwendawazimu. Lakini magari hayakumtosha. Macho yalikuwa juu.

Baluni, gesi na Mnara wa Eiffel

Mwishoni mwa miaka ya 1890 alipanda baluni mara ya kwanza, kama zile zinabeba watalii asubuhi kule Maasai Mara, ila za wakati huo zilijazwa gesi inayoshika moto haraka. Alipenda hiyo kitu mpaka akaagiza yake. Mafundi walimwambia vipimo vyake ni vidogo sana, haitabeba mtu. Alikuwa na kilo kama 50 hivi, mfupi, mwembamba, kwa hivyo akasisitiza. Mwaka wa 1898 hiyo baluni, aliyoiita Brésil, ilipaa, na ikatua ikakunjwa ikaingia kwa begi.

Shida ya baluni ni moja: upepo ndio dereva. Alberto alitaka usukani. Akachukua injini ndogo ya gari la magurudumu matatu, akaining'iniza chini ya mfuko mrefu wa gesi ya haidrojeni. Watu walimwona ni kichaa. Cheche moja tu na wewe ni majivu. Alianguka mara kadhaa, akajenga upya, kila chombo akikipa namba: 1, 2, 3, akaendelea.

Mwaka wa 1900 tajiri mmoja wa mafuta, Henri Deutsch de la Meurthe, aliweka zawadi ya faranga 100,000. Unatoka Saint-Cloud, unazunguka Mnara wa Eiffel, unarudi, yote ndani ya dakika 30. Tarehe 8 Agosti 1901 Alberto alijaribu na namba 5. Gesi ikavuja, chombo kikalegea kama soksi, kikagonga paa la hoteli maeneo ya Trocadéro na kupasuka. Yeye akabaki ananing'inia kwa ukuta ndani ya kikapu mpaka wazima moto wakaja kumvuta na kamba. Jioni hiyo hiyo alikuwa ameagiza namba 6 ianze kujengwa.

Tarehe 19 Oktoba 1901 akarudi. Alizunguka mnara, injini ikakohoa njiani, akaacha kikapu akaenda kuirekebisha huku akiwa angani, akafika. Majaji wakaanza ngori: amevuka mstari ndani ya muda, lakini kamba ya kutua imeshikwa dakika 30 zikiwa zimepita kidogo. Watu wa Paris walikuwa tayari wameamua, mitaa ilijaa kelele. Mwishowe alipewa.

Sasa cheki vile alifanya na hiyo doh. Hakuweka hata sumuni mfukoni. Sehemu ilienda kwa mafundi wake, na nyingine kwa masikini wa Paris, wakomboe vifaa vya kazi walivyokuwa wameweka rehani. Seremala akarudishiwa randa yake, fundi nguo cherehani yake. Hii tabia ya kuachilia vitu, iweke kwa akili. Itarudi.

Luku, saa na maisha ya ustaa

Kufikia hapo alikuwa staa wa dunia. Kofia ya panama ukingo ukiwa umeinama, kola ndefu hadi kidevuni, suti ya mistari, viatu vya kumwongezea urefu. Machali wa Paris walianza kukopi luku yake. Nyumbani alikuwa na meza na viti virefu kweli, wageni wanapanda kula, ati wazoee kuwa juu.

Alikuwa pia na baluni ndogo ya injini, namba 9, aliyotumia kama sisi tunavyotumia nduthi. Mwaka wa 1903 alikuwa anatua nayo nje ya keja yake kwa barabara ya Champs-Élysées, anaifunga, anaingia kunywa kahawa, anatoka anaenda zake. Mwaka huo huo alimfunza msichana mmoja kutoka Marekani, Aida de Acosta, akamwachia aendeshe peke yake. Hiyo ni mwezi wa Juni, miezi karibu sita kabla ya ndege ya Wright. Mwanamke wa kwanza kuendesha chombo cha injini angani alikuwa ndani ya chombo cha Alberto.

Na ile saa kwa mkono wako? Wanaume wa enzi hizo walibeba saa mfukoni, na angani huwezi kuachilia usukani ukianza kupekua koti. Beste yake Louis Cartier akamtengenezea ya kufunga mkononi mwaka wa 1904. Saa ya Cartier inayoitwa Santos bado inauzwa mpaka leo, na bei yake usiulize.

Wright ama Santos? Wacha tuongee ukweli

Kisha akaachana na gesi, akaingia kwa ndege zenye mabawa. Tarehe 23 Oktoba 1906, uwanja wa Bagatelle, Paris, ile ndege tuliiona Rio, 14-bis, iliinuka ikaenda karibu mita 60. Tarehe 12 Novemba ikaenda mita 220 kwa sekunde 21 hivi, mbele ya umati na maafisa wenye saa na futi za kupimia. Hiyo ndiyo rekodi ya kwanza ya ndege kuandikwa na shirikisho la kimataifa la mambo ya anga.

Lakini Wilbur na Orville Wright walikuwa wameruka kule Kitty Hawk tarehe 17 Desemba 1903, karibu miaka mitatu mapema, na kufikia 1905 walikuwa wanazunguka angani zaidi ya nusu saa. Shida ni kwamba walifanya mambo yao kimya, mbali na macho ya dunia. Wabrazil wanasema ndege ya Alberto iliondoka na magurudumu yake yenyewe mbele ya watu, bila reli ya kuanzia kama ya Wright. Hiyo ni kweli. Kwamba Wright walitangulia, hiyo pia ni kweli. Hii debate haitaisha leo.

Tofauti yenye maana zaidi iko kwingine. Wright walichukua patenti mwaka wa 1906, yaani karatasi ya serikali inayosema wazo ni lako na mwingine akilitumia lazima akulipe. Miaka iliyofuata walijaa kortini, Marekani na Ulaya, wakishtaki karibu kila mtu aliyejaribu kujenga ndege. Si kwamba walikuwa wabaya. Walikuwa mafundi wa baiskeli, walitumia akiba yao na walitaka jasho lao lilipwe. Alberto alikuwa na doh za mbuyu. Ni rahisi kupeana bure ukiwa umeshiba. Lakini wako matajiri wengi wameshiba na hawapeani hata maji.

Demoiselle: kereng'ende ya mianzi

Sasa tufike kwa yenyewe. Novemba 1907 Alberto alitoa namba 19, kitu kidogo hadi watu walicheka. Mwaka wa 1909 akaiboresha ikawa namba 20. Wafaransa waliiita Demoiselle, jina linalomaanisha binti, na pia ni jina la kereng'ende, yule mdudu wa mtoni mwenye mabawa marefu membamba. Ukiiona ikipita na jua nyuma yake, hariri ikiangaza mwanga, unaelewa.

Iliundwa hivi. Uti wa mgongo ulikuwa mianzi mitatu mirefu, imeshikwa pamoja na viungo vya chuma na waya za kukaza. Kila kipande cha mwanzi ungeweza kukichomoa, ukafunga mzigo, ukabeba. Juu, mabawa ya urefu wa karibu mita 5 na nusu kutoka ncha hadi ncha, yamefunikwa hariri. Injini ya silinda mbili ilikaa juu ya bawa, mbele, ikizungusha pangaboi la mbao. Ilipozwa na maji yanayopita kwa mirija myembamba ya shaba chini ya mabawa. Nyuma, mkia wenye umbo la msalaba ulishikwa na kiungo kimoja, ukisogea juu, chini na pande zote.

Na rubani? Alikaa chini ya bawa, kwa kipande cha turubai katikati ya magurudumu mawili ya aina ya baiskeli, matako karibu yaguse nyasi. Mkono mmoja ulielekeza ndege juu na chini, ule mwingine kushoto na kulia. Mikono ilipoisha, Alberto alishonea kifimbo nyuma ya koti lake, kimeunganishwa na waya za mabawa. Ndege ikilala upande mmoja, unaegemea upande ule mwingine na mwili wako, mabawa yanajipinda, inanyooka. Ni kama vile dere wa nduthi anaegemea kona. Ulikuwa huipandi, ulikuwa unaivaa.

Yote pamoja, rubani akiwa ndani, haikufika kilo 200. Hiyo ni nyepesi kuliko bodaboda iliyobeba dere na abiria mmoja. Septemba 1909 Alberto aliitoa Saint-Cyr akafika Buc, kilomita 8, kwa dakika kama 5. Hiyo ni zaidi ya kilomita 90 kwa saa, umekaa kwa turubai, hauna kioo mbele, upepo unakupiga mashavu. Alikuwa anaitumia kutembelea mabeste kwa majumba yao nje ya Paris, anatua kwa bustani, anakunywa chai, anarudi.

Tusiipambe sana. Ilikuwa na kiherehere. Iliundwa kwa mwili wa mwenyewe, msee wa kilo 50, na ukiwa na kitambi ilikuwa inakataa. Waya zikilegea, ni wewe na ardhi. Lakini kabla yake, ndege zilikuwa mashine kubwa za matajiri na timu zao za mafundi. Hii ilikuwa ya kwanza kumwambia mtu wa kawaida kwamba hata yeye anaweza.

Michoro mezani, bila bei

Hapo ndipo alifanya jambo kubwa zaidi ya maisha yake. Alikataa kuchukua patenti ya Demoiselle. Yeyote alitaka kuijenga, ajenge. Kampuni ya magari ya Clément-Bayard ikaiunda kiwandani na kuiuza. Mwaka wa 1910 jarida la Popular Mechanics la Chicago likachapisha michoro na vipimo, kipande kwa kipande, ili msomaji aende kwa banda lake na msumeno aanze.

Na watu walianza. Makumi ya Demoiselle zilijengwa, Ulaya na Marekani, nyingine viwandani, nyingine kwa mabanda nyuma ya nyumba. Kila ndege ndogo ya kiti kimoja ambayo mtu anaijenga mwenyewe wikendi baada ya wikendi, mpaka siku anaisukuma nje na kuomba Mungu, nyanya yake ni hiyo kereng'ende. Kitu tunaita jua kali, kuchukua kilichopo na kukifanya kifanye kazi, yeye alikileta angani.

Mmoja wa waliojifunza kwa Demoiselle alikuwa kijana aliyezaliwa kisiwani Réunion, huku kwetu Bahari ya Hindi. Jina lake Roland Garros. Ndiyo, yule wa tenisi. Ila hakuwa bingwa wa tenisi, alikuwa rubani, na ule uwanja wa Paris ulipewa jina lake kwa heshima. Mwaka wa 1913 alikuwa wa kwanza kuvuka Mediterania kwa ndege bila kutua njiani.

Kisha vita vikaja. Aprili 1915 Garros alifunga vyuma kwa pangaboi la ndege yake, ndio aweze kupiga risasi moja kwa moja mbele bila kulivunja. Akaangusha ndege za Wajerumani. Akakamatwa, akatoroka, akarudi kupigana, na tarehe 5 Oktoba 1918 akauawa angani, vita vikibaki wiki chache viishe. Kijana aliyefunzwa kuruka na mwanasesere wa mianzi alikuwa mmoja wa waliogeuza ndege kuwa bunduki.

Alipoanza kujuta

Alberto hakuona hayo akiwa rubani. Tarehe 4 Januari 1910 waya ilikatika akiwa juu na Demoiselle, akaanguka. Alipona, lakini hakurusha tena. Mwaka huo mwili ulianza kumsaliti. Kizunguzungu, kuona vitu viwili viwili, mikono kutetemeka. Madaktari walisema ni ugonjwa wa mishipa ya fahamu. Akafunga karakana akiwa na miaka 36 tu.

Tarehe 1 Novemba 1911, Muitaliano mmoja alidondosha mabomu madogo kutoka kwa ndege yake huko Libya. Hayo ndiyo yalikuwa mabomu ya kwanza ya ndege kwa vita, na yalianguka Afrika. Karibu miaka miwili tu tangu Alberto ashuke.

Ukweli ni kwamba yeye mwenyewe hakuwa malaika wa amani tangu mwanzo. Kitambo, akiwa bado na baluni zake, aliwahi kuahidi jeshi la Ufaransa vyombo vyake vita vikija, mradi visitumike dhidi ya nchi za Amerika. Wakati huo vita vilikuwa kama mchezo wa waungwana kwa kichwa chake. Mwaka wa 1914 vilipokuja kweli, akaona sura yake.

Na hiyo Ufaransa aliyoipenda ikamgeuka. Alikuwa anaishi pwani, Bénerville, usiku anaangalia nyota kwa darubini ya Kijerumani. Majirani wakaona mgeni mwenye lafudhi, darubini inaangalia baharini, wakaita karao. Akashukiwa ujasusi, nyumba ikapekuliwa. Baadaye walimwomba msamaha, lakini aliumia sana hadi akachoma karatasi na michoro yake. Mtu aliyepatia dunia michoro bure, aliteketeza iliyobaki.

Akarudi Brazil. Mwaka wa 1918 akajenga kanyumba mlimani Petrópolis, ngazi zake zimekatwa nusu nusu hivi kwamba lazima uanze kupanda na mguu wa kulia. Bado ipo, ni makumbusho. Lakini amani hakuipata huko. Mwaka wa 1926 aliandikia Shirikisho la Mataifa, lile lililotangulia Umoja wa Mataifa, akiomba ndege zipigwe marufuku vitani. Ombi halikufika popote. Kila serikali ilikuwa inaunda za kwake.

Desemba 1928 alirudi nyumbani kwa meli kutoka Ulaya. Rio ilipanga kumpokea kwa heshima: ndege iliyopewa jina lake ingepita juu ya meli na kudondosha maua. Ndani walikuwa maprofesa na mainjinia. Mbele ya macho yake, ndege ikaanguka baharini, wote wakafa. Alienda kwa mazishi yao. Kisha akajifungia.

Julai 1932

Julai 1932 jimbo la São Paulo liliinuka dhidi ya serikali ya Brazil. Alberto alikuwa mgonjwa, akikaa kwa hoteli ya ufuoni, Guarujá. Ndege za kijeshi zilikuwa zinapita juu ya bahari kwenda kupiga mabomu. Wabrazil wakiua Wabrazil, kutoka juu, ndani ya kitu alichokiota tangu akiwa mtoi wa kuinua kidole.

Tarehe 23 Julai 1932, siku tatu baada ya kufikisha miaka 59, alijitoa uhai. Wakubwa walificha, cheti kikaandika mambo ya moyo, na kwa miaka mingi watoto wa shule hawakuambiwa. Lakini hakuuawa na mabomu peke yake. Alikuwa amebeba ugonjwa na giza la akili kwa zaidi ya miaka 20, wakati ambapo mwanaume hakuwa na mahali pa kulisema. Kama wewe ama beste yako mmebeba mzigo kama huo leo, usikae nao peke yako. Bonga na mtu.

Daktari aliyeandaa mwili aliutoa moyo kimya kimya akauhifadhi. Leo uko ndani ya tufe, kwa makumbusho ya jeshi la anga la Brazil, Rio. Yaani mtu aliyeomba ndege zitolewe vitani, moyo wake unalindwa na wanajeshi. Uwanja wa ndege katikati ya jiji hilo unaitwa Santos Dumont, na ndege zinatua hapo mchana kutwa.

Ukifika Paris siku moja, enda makumbusho ya anga ya Le Bourget. Kati ya midege mikubwa yote utaona kadude kamoja ka mianzi, mabawa membamba, kiti cha turubai. Hakana bunduki, na hakana pa kuiweka. Kalichorwa kabebe mtu mmoja, mwepesi, aende kuona mabeste na arudi.

Sasa swali kwa mbogi: ungekuwa wewe na mchoro kama huo mkononi, ungekimbia kuchukua patenti kama Wright, ama ungeuachilia dunia nzima, ukijua huna usemi tena kwa kile wataufanyia?